Wasomaji Wanauliza: Kitabu Hiki Kitamfaa Mwanangu?

Barua za toleo hili zimetoka Dodoma mjini na wilaya za jirani, hadi Manyoni. Karibu zote zinahusu vitabu vya kusoma kwa raha, yaani vile ambavyo mwalimu hataviulizia kwenye mtihani. Tumezifupisha kidogo. Majibu yametolewa na dawati letu la vitabu vya watoto.

Hamjambo hapo ofisini. Nina watoto watatu, wa miaka miwili, sita na kumi. Majalada yameandikwa "miaka 5–8" au "miaka 9–12", lakini nikinunua kwa kufuata hayo, wa kumi analalamika kitabu kigumu na wa sita anasema cha kitoto. Nitajuaje kabla sijalipa?
*Mama wa watatu, Nkuhungu*

Mama, namba ile huwekwa na mchapishaji ili muuza duka ajue kitabu akipange rafu gani. Inamkisia mtoto wa wastani, na mtoto wa wastani hayupo Nkuhungu wala kwingineko. Itumie kufika kwenye rafu, halafu pima mwenyewe. Hakutakuchukua dakika tano.

Nenda dukani na mtoto. Mwache achague vitabu vitatu au vinne bila wewe kukunja uso. Kila kimoja kifungue katikati, kwa sababu waandishi wengi hulainisha ukurasa wa kwanza na ugumu hujitokeza baadaye. Tafuta sehemu yenye maneno kama mia moja, asome kimya, na akunje kidole kila anapokutana na neno asilojua maana yake. Akimaliza bila kukunja kidole, au amekunja kimoja au viwili, atakisoma peke yake na atakifurahia. Vitatu au vinne, atakimaliza ukiwa karibu. Vitano, kirudishe, au kinunue kwa ajili ya kumsomea wewe. Zingatia kwamba tunahesabu maneno asiyoyaelewa, siyo anayoshindwa kuyatamka. Baba wa Chamwino hapa chini ametupa sababu ya kulirudia hilo.

Malalamiko ya watoto wako wawili yana chanzo kingine pia. Mtoto ana viwango viwili, cha kusoma mwenyewe na cha kusomewa, na vimeachana mbali. Wa darasa la kwanza anayehangaika na "mama anapika ugali" anaweza kukaa kimya nusu saa akisikiliza hadithi ndefu ya fisi aliyedhulumu shamba la sungura, tena akakukosoa ukiruka aya. Ukimpa tu vile anavyoweza kuvisoma mwenyewe, ataona vitabu ni mambo ya kitoto, na ana haki. Kwa huyo wa sita nunua vya aina mbili: vyembamba vya kujisomea, na kimoja kinene chenye sura nyingi cha kumsomea wewe, sura moja kila jioni.

Vyembamba hivyo vikague hivi. Mistari mitatu hadi mitano kwa ukurasa, herufi kubwa, na sentensi iishie pale mstari unapoishia, isikatwe katikati ya wazo. Angalia pia kama picha inalingana na maneno ya ukurasa huohuo. Kwenye vitabu vilivyopangwa kwa haraka, mbuzi anaanguka kisimani ukurasa wa sita na picha yake iko ukurasa wa nane. Mtoto anayetumia picha kuhakikisha alichosoma anajikuta amedanganywa na kitabu chenyewe.

Wa miaka miwili hahitaji hadithi. Mpatie kitabu cha kurasa ngumu za boksi, kona zimeviringwa, picha moja kubwa kwa ukurasa, ya kitu anachokiona kila siku: kuku, sufuria, kiatu, ndoo. Atakitafuna, na ndiyo maana tunasema boksi.

Wa kumi yuko kwenye umri wa mfululizo. Akipenda kitabu kimoja chenye wahusika fulani, mnunulie cha pili cha wahusika walewale, hata kama wewe ungependa apande ngazi. Kurudia wahusika kunampunguzia kazi, maana hahitaji kujifunza upya nani ni nani, na hapo ndipo kasi yake inapojengeka. Msimnyime vitabu visivyo vya hadithi: volkano, wadudu, treni, mpira, mwili wa binadamu. Wazazi wengi huviona ni vya shule, ilhali kuna watoto ambao hawatapenda kitabu kingine chochote. Mtoto wa Dodoma akisoma kuhusu watu wa kale waliochora kwenye mapango, mnaweza kumpeleka Kolo, Kondoa, akaione michoro yenyewe, ile iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Halafu kuna ukurasa wa mwisho wenye "Hadithi hii inatufundisha nini?" na maswali matano. Hatuwalaumu wachapishaji, maana vitabu vingi vinategemea soko la shule. Nyumbani uruke. Mtoto akijua kila hadithi ina mtihani mkiani, atasoma akiutafuta huo mtihani.

Fedha ikiwa ngumu, Maktaba ya Mkoa iliyopo mjini, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ndiyo pa kuanzia. Ulizia vitabu vya watoto na utaratibu wa uanachama.

Mwanangu yuko darasa la pili. Anasoma kwa sauti bila kukwama hadi majirani wanamsifu. Nikimuuliza umesoma nini, anaangalia dari. Nyumbani tunazungumza Kigogo. Tatizo ni kitabu au mtoto?
*Baba, Chamwino*

Mtoto hana tatizo, na hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Aliyeshika silabi anaweza kutamka neno lolote, hata lile ambalo hajawahi kulisikia maishani. Kwa hiyo kutamka kunakomaa mapema, uelewa unabaki nyuma, na sauti nzuri inauficha.

Kitabu kinaweza kusaidia au kuharibu. Chagua kwanza vile vinavyohusu mambo anayoyajua kwa macho: ng'ombe, mtama na uwele, mbuyu, kisima, mnada, shamba la zabibu. Vya jahazi, pweza na minazi ni vizuri, ila viache vije baadaye, tena vyenye picha za wazi, kwa sababu kwa sasa vitamwongezea maneno mapya na mazingira mapya kwa pamoja.

Tafuta chenye sentensi inayojirudia kila ukurasa: fulani anauliza nani kala karanga zangu, na kila mnyama anajibu kwa maneno yaleyale isipokuwa jina lake. Kwa mtu mzima inachosha. Kwa mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, sentensi ile inayorudi ndiyo anayoikamata na kuimiliki.

Kisha tazama vitenzi. Kiswahili kinafungasha sentensi nzima ndani ya neno moja. "Hawakumpelekea" lina waliokataa, wakati, aliyenyimwa na tendo lenyewe. Mtoto analitamka vizuri silabi kwa silabi, na akifika mwisho, mwanzo umeshamtoka. Kitabu chenye maneno ya silabi sita na zaidi mawili au matatu kwenye kila mstari kiweke kando kwa miezi kadhaa, hata kama kimeandikwa "darasa la 2".

Namna ya kusoma nayo ibadilike. Kabla ya kusoma, pitieni picha zote kwa Kigogo: nani huyu, anaenda wapi, mbona amenuna. Asome kwa Kiswahili. Halafu akusimulie kwa Kigogo. Akiweza kusimulia kwa lugha ya nyumbani, ameelewa, na hapo unaweza kumsaidia neno moja moja la Kiswahili. "Umesoma nini?" ni swali pana mno, hata mtu mzima angeangalia dari. Muulize, "Fisi alikasirika kwa nini?" Dakika kumi na tano kwa siku zinamtosha. Usimwambie arudie kwa kasi zaidi, maana ndicho tayari anachokiweza.

Shule yetu ya msingi ilipewa maboksi manne ya vitabu kutoka nje ya nchi, karibu vyote vya Kiingereza. Watoto waliangalia picha wiki ya kwanza, sasa vimejaa vumbi. Kamati ina fedha kidogo sana. Tununue nini, na tuhifadhi vipi? Mchwa wa huku hawana adabu.
*Mwalimu, Bahi*

Mwalimu, anza kwa kuvipunguza. Fanya mafungu matatu. Vya picha nyingi na maneno machache wape awali na darasa la kwanza wavitumie kusimulia picha kwa lugha yao. Vya maarifa vyenye michoro mizuri, kama wanyama, mwili na sayari, viende darasa la tano na kuendelea. Vilivyobaki, yaani riwaya za kurasa mia tatu, vitabu vya kiada vya mitaala ya nchi nyingine na ensaiklopidia za zamani, peleka sekondari ya jirani kama wataona vinafaa, la sivyo viondoke. Kwa kawaida fungu hili la tatu ndilo kubwa, na mkono unasita. Lakini rafu iliyojaa visivyosomeka inawaficha vile kumi vizuri, na mtoto akivuta vitabu vitatu vikamshinda, cha nne havuti.

Mkinunua, msinunue nakala arobaini za kitabu kimoja kwa kuwa darasa lina watoto arobaini. Huo ni ununuzi wa kiada. Kwa usomaji wa raha, chukueni majina thelathini tofauti, nakala moja moja au mbili mbili, kisha jina moja tu liwe na nakala sita za kusoma kwa kikundi. Fedha nyingi ziende kwenye vitabu vyembamba vya madarasa ya chini: mtoto wa darasa la pili anamaliza kitabu cha kurasa 16 kwa dakika kumi na anataka kingine, ilhali wa darasa la sita anakaa na kimoja wiki mbili. Wachapishaji wa Dar es Salaam kama Mkuki na Nyota na E&D Vision wana orodha za watoto za Kiswahili. Andikeni barua ya shule kuomba orodha na bei, msinunue kwa kusikia. Tazameni pia kazi za watoto zinazotokana na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania.

Njia ya nafuu kuliko zote ni kuchapa wenyewe. Tovuti ya African Storybook ya Afrika Kusini na StoryWeaver ya India zina hadithi za picha kwa Kiswahili, zilizopangwa kwa viwango, na leseni yake inaruhusu kuchapa na kugawa mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Somo la kwanza ni kukagua lugha. Tafsiri nyingi zimefanywa na watu wa kujitolea, baadhi safi kabisa, baadhi zina upatanisho uliovunjika. Isomeni yote kwa sauti kabla ya kutoa hata kopi moja.

Kitabu cha kurasa 16 kinakula karatasi nne za A4 zilizochapwa pande mbili na kukunjwa katikati. Karatasi ya nje ina ukurasa wa 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Inayofuata ina 14 na 3, nyuma yake 4 na 13. Halafu 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya ndani kabisa 10 na 7, nyuma 8 na 9. Programu nyingi zinapanga zenyewe ukichagua mpangilio wa kijitabu. Kosa linalowapata wengi liko kwenye kugeuza karatasi: mwambieni mchapaji igeukie upande mfupi. Ikigeukia upande mrefu, kurasa za nyuma zote zinatoka miguu juu, na fedha ya kopi imekwenda. Chapeni kimoja cha majaribio kwanza.

Kufunga nako kuna lake. Stepla ya kawaida ya mezani haifiki kwenye mkunjo wa A4, kwa hiyo watu hubana pembeni, na maneno ya ndani yanamezwa. Shoneni. Wekeni karatasi nne ndani ya jalada la manila lililokunjwa, toboeni mashimo matatu kwenye mkunjo, la kati na mawili kiasi cha sentimita tano juu na chini yake. Sindano ianzie ndani, itoke shimo la kati, iingie la juu, ipite ndani moja kwa moja hadi la chini, itoke, kisha irudi ndani kwa shimo la kati. Sasa ncha mbili za uzi ziko ndani. Zikae moja kila upande wa ule uzi mrefu, fungeni fundo juu yake. Fundo lisipoukamata uzi mrefu, kitabu kitalegea wiki hiyohiyo. Uzi wa fundi viatu unadumu kuliko wa cherehani. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kazi hii.

Kuhusu mchwa: boksi la karatasi lililowekwa sakafuni ni chakula kilichopakuliwa. Kabati likae mbali na ukuta kiasi cha sentimita kumi ili muweze kuona nyuma yake, rafu ya chini iwe juu ya sakafu walau sentimita thelathini, na kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu. Kila wiki mtu mmoja apite na tochi kutafuta njia za udongo kwenye miguu na ukutani, zaidi mvua zinapoanza. Akiiona, aibomoe na kufuatilia inakotokea. Kuifagia tu hakusaidii. Msiweke rafu dirishani kukimbia mchwa, kwani jua la huku linakausha gundi ya mgongo na kurasa zinaanza kuchomoka moja moja.

Mwisho, mwalimu, vitatoka lini kabatini? Tunauliza kwa sababu tumesikia habari za kabati nyingi ambazo funguo ziko kwa mtu mmoja. Daftari la mistari lenye jina, kitabu, kimetoka, kimerudi, linatosha. Waachieni waende navyo nyumbani Ijumaa. Vichache vitapotea au kurudi na mafuta ya taa, na kwenye bajeti ya mwaka mtenge fedha ya kuvibadilisha.

Shikamooni. Nimeingia kidato cha kwanza. Hadithi za Kiswahili nasoma hata tatu kwa mwezi, ila za Kiingereza nafungua kamusi kila mstari mpaka nasahau hadithi. Nianze na kitabu gani?
*Binti wa miaka 14, Kongwa*

Marahaba, binti. Kamusi kila mstari maana yake kitabu hicho si cha sasa. Watafiti wa usomaji wamekuta kwamba mtu husoma kwa kuelewa bila msaada anapojua kama maneno 98 kati ya 100. Kwenye ukurasa wa maneno 250, hayo ni maneno matano tu usiyoyajua. Hesabu ya kwako kwa sasa, tukikisia kutokana na barua, ni zaidi ya thelathini.

Tafuta vitabu vilivyorahisishwa kwa madaraja. Mfululizo wa Oxford Bookworms, kwa mfano, daraja la 1 limeandikwa kwa msingi wa maneno 400, la 2 maneno 700, la 3 maneno 1,000, na hivyo hadi la 6 lenye 2,500. Usichague daraja kwa kulinganisha na kidato. Anza la 1, hata kama wenzako watacheka wembamba wake. Soma bila kamusi. Neno linalokusumbua liwekee nukta ya penseli, zisizidi tatu kwa ukurasa, na uziangalie sura inapoisha. Nyingi utakuta maana imeshajitokeza. Ukimaliza vitabu vinne au vitano vya daraja moja bila kusukumana, panda. Vitabu kumi vyepesi vitakupa Kiingereza zaidi ya kimoja kigumu ulichokiacha ukurasa wa ishirini, kwa sababu maneno ya kawaida yanahitaji kukutana nawe mara nyingi ndipo yakae.

Njia ya pili ni kusoma hadithi unayoijua. *Takadini* ya Ben Hanson, kisa cha mama anayekimbia na mwanawe mwenye ualbino, iliandikwa kwa Kiingereza na ipo kwa Kiswahili pia. Soma ya Kiswahili yote kwanza, kisha ya Kiingereza. Kwa kuwa unajua kitakachotokea, akili yote inabaki kwa lugha.

Na hizo tatu za Kiswahili kwa mwezi usiziache.

Kijana ninayemlea, miaka 13, anasoma magazeti ya michezo na katuni tu. Nifanyeje aanze kusoma?
*Shangazi, Manyoni*

Shangazi, ameshaanza. Katuni ina kazi yake: kati ya kibonzo na kibonzo kuna tukio ambalo halikuchorwa, na msomaji analijaza kichwani. Gazeti la michezo lina takwimu, majigambo na hoja. Usiseme "soma kitabu cha maana", maana atasikia kwamba anachokipenda hakina maana.

Kinachoweza kumshinda ni urefu. Kwa hiyo ongeza urefu, mada iache ilivyo: maisha ya wachezaji, hadithi fupi za kurasa nane hadi kumi, riwaya za upelelezi zenye sura fupi zinazokatia mahali pabaya.

Kabla ya hayo, mtazame anavyosoma. Analeta gazeti karibu na pua? Anafumba jicho moja, anaruka mistari, analalamika kichwa jioni? Mpeleke apimwe macho. Vichwa vya habari vya gazeti na maneno ya katuni huwa vikubwa, na wapo vijana wanaosemwa wavivu wa kusoma kumbe wanakimbia herufi ndogo.

Binti yangu wa miaka 15 anaazima riwaya za mapenzi kwa rafiki yake. Nimekuta moja chini ya godoro. Nizichome?
*Mama, Kisasa*

Usichome, kwanza si chake, ni cha mwenzie. Kisome. Dakika kumi zinatosha: kurasa mbili za mwanzo, ufungue kati mahali patatu bila kuchagua, halafu sura ya mwisho.

Jalada na neno "penzi" visikutishe. *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba ina penzi hadi kwenye jina, na ni tamthilia inayosomwa shuleni kuhusu karani wa sensa anayeharibu kazi ya serikali. Na *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ilipotoka mwaka 1971, ilizuiwa isisomwe shuleni. Baadaye ikaruhusiwa, na imewapa wasomaji wengi lugha ya kuzungumzia yale ambayo wazazi huyanyamazia.

Unachotafuta ni hiki. Je, mwanamume anayelazimisha anasifiwa kuwa ndiye anayependa kweli? Msichana ana umri gani, mwanamume ana umri gani, na mwandishi analiona hilo? Matendo ya chumbani yameelezwa kwa sababu hadithi inayahitaji, au hadithi ndiyo iliyotafutiwa matendo? Binti ana jambo lingine analolitaka maishani mbali na huyo kaka? Kitabu kikishindwa maswali mawili ya kwanza, mwambie wazi kwa nini hukitaki, ukitaja ukurasa. Atabisha, na kubishana huko ndiko mazungumzo. Ukinyakua kimyakimya atatafuta mahali pazuri zaidi ya godoro.

Kama ni riwaya ya kawaida ya watu kupendana na kuachana, mwachie. Weka mezani na vingine bila hotuba: upelelezi, visa vya shule, wasifu. *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert ni mwembamba, na una mwanamke aliyetoka kijijini hadi kwenye santuri. Lugha yake ni ya zamani kidogo, msome kurasa za kwanza pamoja.

Nilinunua kitabu cha hadithi barabarani kwa nusu bei. Nyumbani tukakuta ukurasa wa 33 hadi 48 haupo. Ni feki?
*Baba, Makole*

Si lazima. Vitabu huchapwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, kisha mafungu yanaunganishwa. Kurasa zako zilizokosekana ni kumi na sita kamili, maana yake fungu la tatu lilirukwa wakati wa kuunganisha, na hilo huvipata hata vitabu halali.

Nakala ya wizi ina dalili nyingine: picha zimefifia kama kopi ya kopi, pambizo zimepinda, maandishi ya mgongoni hayako katikati, wino unaacha weusi kidoleni. Linganisha ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ya jalada la nyuma na ile ya ukurasa wa hakimiliki ndani. Zikitofautiana, achana nacho. Zinazoanza na 978-9976 au 978-9987 ni za Tanzania, 978-9966 ni za Kenya, 978-9970 za Uganda. Kitabu cha mtumba, chenye jina la mtu mwingine ndani, hakina ubaya wowote.

Siku nyingine, kabla ya kutoa fedha, fungua penye 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, hivyo hivyo hadi mwisho. Na hicho ulichonacho mrudishie muuzaji leo, kabla hajahamisha turubai.